Ubongo Haunyumbuki, Unafinyangika

Kuna kijitabu cha afya ya akili kinachogawiwa siku hizi, kimepigwa chapa vizuri, picha za wakimbiaji zimejaa jaladani, na ndani yake kinatutangazia kwamba mazoezi ya mara kwa mara huongeza unyumbufu wa nyuroni. Waliokiandika siwalaumu. Neno wamelikuta katika orodha ya istilahi iliyopitishwa na kamati ambayo sitaitaja, na mwandishi wa kijitabu hana muda wa kugombana na kamati. Mimi ninao.

Unyumbufu ni neno zuri, ila lina mwenyewe. Wanafizikia walishalichukua kwa sifa ya kitu kinachovutika na kikiachiwa hurudi kilivyokuwa. Uvute mpira wa manati mara mia, ukiuachia unarudi palepale, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ilhali sifa wanayoizungumzia wataalamu wa ubongo ni ule uwezo wa ubongo kubadilishwa na yale unayoyapitia, kisha ukabaki umebadilika. Mtoto akijifunza kuendesha baiskeli, miunganiko ya seli zake za neva hubadilika, na akiipanda tena akiwa na ndevu, mwili unajua la kufanya. Ubongo nyumbufu ungekuwa ule unaosahau kila jioni ulichofunzwa asubuhi. Hata mwanafunzi wa sarufi, aliyezoea kusikia mnyumbuliko wa vitenzi, anajua kwamba kitenzi hunyumbulika bila mzizi wake kuguswa.

Wengine, katika kulikwepa kosa hilo, wameandika uplastiki wa neva. Hawa angalau wamekaribia asili, lakini plastiki kwa Mswahili ni ndoo, ni kiti cha baa, ni mfuko wa rambo, ule ambao Kenya iliupiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Mwambie mama muuza nyanya kwamba kukimbia kutamwongezea uplastiki kichwani, uone kama atakimbia au atakukimbia. Kundi la tatu, wavivu kuliko wote, huandika nyuroplastisiti na kwenda zao kulala.

Kinachoniudhi ni kwamba jibu lilikuwa ndani ya neno lenyewe, kwa yeyote ambaye angejisumbua kulifungua. Wagiriki wa kale walikuwa na kitenzi plassein, na maana yake ilikuwa ya uani, wala si ya maabara: kufinyanga, kuupa udongo umbo kwa mikono. Kutokana nacho wakapata plastikos, yaani chenye kufinyangika. Ile bidhaa ya viwandani ikaja kuitwa plastiki kwa sababu hufinyangwa itakiwavyo kabla haijakakamaa, na ndoo zikatusahaulisha kitenzi. Hata plasta tunayobandika kwenye kidonda ni ya ukoo huohuo, maana asili yake ni dawa iliyokandwa na kubandikwa mwilini. Mwaka 1890 William James wa Marekani alipoliingiza neno hili katika kitabu chake cha saikolojia, alieleza kitu kilicho laini kiasi cha kukubali kusukumwa, na kigumu kiasi cha kutokubali yote kwa mara moja. Mama yeyote wa Kikisi anayefinyanga vyungu kule Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, angemwambia kwamba hiyo ndiyo sifa ya udongo mzuri: wenye maji mno huporomoka, mkavu mno hupasuka. Mwaka 1948 Jerzy Konorski wa Poland akalifunga neno hilo kwenye mabadiliko ya kudumu katika mfumo wa neva. Safari yote hiyo, na Kiswahili kina finyanga, tena kitenzi hai, anachokijua hata mtoto wa shule ya msingi aliyefundishwa kwamba mfinyanzi hulia gaeni.

Kwa hiyo napendekeza, kama nilivyokwisha kupendekeza bila kusikilizwa, ufinyangikaji wa ubongo.

Kwa nini lisiwe ufinyangifu, lililo fupi? Kwa sababu -fu haina msimamo. Badilifu ni kinachobadilika, lakini haribifu ni kinachoharibu vingine, na mdanganyifu ni anayedanganya watu, si anayedanganyika. Ufinyangifu ungemwacha msomaji akijiuliza kama ubongo ndio unaofinyanga au ndio unaofinyangwa. Kauli ya kutendeka haina fumbo: finyanga, finyangika, ufinyangikaji. Kamati ilinijibu kwa barua kwamba neno langu lina silabi nyingi mno kwa mwananchi wa kawaida. Nikazihesabu: sita. Barua hiyohiyo ilimalizika kwa kusisitiza uwajibikaji wa wadau wa lugha. Uwajibikaji nalo lina silabi sita, limejengwa kwa mtindo uleule, na sijui ni mwananchi gani wa kawaida asiyelisikia kila msimu wa kampeni. Mjumbe mmoja, nimeambiwa, aliongeza kuwa finyanga ni neno la vyungu, halina hadhi ya sayansi. Angewaambia Wagiriki.

Pingamizi moja tu limewahi kunitoa jasho, na halikutoka kwa kamati. Mwalimu mmoja mstaafu aliniuliza: "Bwana, si wahenga walisema udongo uwahi ungali maji? Ukisema ubongo unafinyangika, sisi wazee si umetuambia tumekwisha kukauka?" Swali la haki, na lina historia kubwa kuliko mwenyewe alivyodhani. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906 kwa kazi yake juu ya mfumo wa neva, aliandika katika miaka ya 1913 na 1914 kwamba njia za neva za mtu mzima ni kitu kilichokwisha kuganda. Ni methali yetu ileile, imevaa koti la maabara, na vizazi vya madaktari vilifunzwa hivyo.

Lakini itazame methali vizuri. Haitaji umri, inataja maji. Suala basi ni maji hayo yanatoka wapi, na sehemu ya jibu iko miguuni. Mtu anapotembea kwa kasi au kukimbia, damu iendayo ubongoni huongezeka, na mwili huzalisha kwa wingi zaidi protini inayozilisha seli za neva na kuimarisha miunganiko yake, ile ambayo Yves-Alain Barde na wenzake waliitenga mwaka 1982 kutoka katika ubongo wa nguruwe (wasomaji wa pwani mnisamehe, mnyama sikumchagua mimi). Mfinyanzi asiyetaka donge lake liharibike hulinyunyizia maji, akalifunika kwa kitambaa kibichi, ili kesho mikono ikute kitu cha kufanyia kazi. Mwalimu akaniambia, basi sawa, ila niliandike hilo. Nimeliandika.

Na kwa kuwa tumefika kwa wazee: mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti uliowahusu watu 120 wa miaka 55 hadi 80 ambao hawakuwa watu wa mazoezi. Nusu yao walitembea kwa kasi, wakafikishwa dakika 40 kwa siku, siku tatu kila wiki. Nusu nyingine walipewa mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo na kukaza misuli. Baada ya mwaka mmoja wakapigwa picha za ubongo. Hipokampasi, kile kisehemu cha ndani kinachohusika sana na kumbukumbu, ilikuwa imeongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa watembeaji. Kwa wanyoosha viungo ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 1.4, jambo la kawaida kwa umri huo. Wasomaji wa ile orodha ya istilahi wasikilize tena: waliopewa mazoezi ya unyumbufu, unyumbufu halisi wa kiuno na magoti, ndio waliosinyaa. Sisemi kwamba utafiti ulifanywa ili kuikomoa kamati.

Atatokea mtu aseme kwamba faida hizo hupungua mtu akiacha mazoezi, kwa hiyo ubongo unarudi, kwa hiyo unyumbufu. La hasha. Kupungua si kurudi. Donge lililoachwa juani halirudii umbo lake la jana. Hukakamaa katika umbo lililokutwa nalo.

Hata ugomvi wa wanasayansi wenyewe uko upande wangu. Mwaka 1998 Peter Eriksson, Fred Gage na wenzao walitangaza kuona seli mpya za neva katika hipokampasi ya watu wazima. Mwaka uliofuata Henriette van Praag na Gage wakaonyesha kuwa panya waliowekewa gurudumu la kukimbilia walikuwa na seli mpya zilizosalia hai karibu maradufu ya wasiokuwa nalo. Watu wakashangilia, na redioni nikaanza kusikia uchipuaji wa ubongo. Kisha mwaka 2018, katika muda wa majuma machache, tafiti mbili zikapingana: moja haikuona seli mpya kwa watu wazima, nyingine ikaziona hadi uzeeni. Mjadala huo haujafungwa, na waliochipua mapema wakae chonjo. Kwamba miunganiko ya seli hubadilika, hilo halibishaniwi. Kufinyanga hakuahidi udongo mpya. Kunasema umbo limebadilika, basi, na neno lisiloahidi kupita kiasi hudumu vitabuni.

Mpinzani pekee ninayemheshimu ni mwenzangu anayetetea kinamo, kutokana na udongo wa kinamo, ule laini wa kufinyangia. Ni neno tamu, na lingekuja kwanza pengine ningenyamaza. Tatizo lake ni kwamba ni jina tu, halina kitenzi cha kulihudumia. Utasema mazoezi huufanyaje ubongo? Huukinamisha? Huko ni kwenye kuinama, na ubongo hatujauita rukuuni. Finyanga lina kauli zote: ubongo hufinyangwa na mazoezi, hufinyangwa pia na hofu ya muda mrefu, na hufinyangika vibaya kama unavyofinyangika vizuri. Hilo la mwisho ni muhimu kwa anayeandika juu ya afya ya akili, maana wengi hudhani sifa hii ni neema tupu. Msongo wa mawazo usiokoma nao una mikono.

Ningeweza kuongeza kurasa juu ya mazoezi yenyewe. Kiingereza hakioni uhusiano wowote kati ya neno lake la mazoezi na neno lake la mazoea. Sisi mzizi wetu ni mmoja, zoea, na anayemzoeza mtu humtia mazoezini na mazoeani kwa pamoja. James alilijadili neno lake katika sura ya mazoea. Angekijua Kiswahili angeokoa karatasi.

Matumizi, kwa haraka, maana nafasi inaisha. Ufinyangikaji ni wa ngeli ya U-, hauna wingi, na huandikwa pamoja na ubongo au neva kadiri ya muktadha. Kwa wagonjwa, kitenzi kinatosha. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 156 wa sonona wenye umri wa miaka 50 na zaidi: baada ya wiki 16, waliofanya mazoezi walikuwa wamepata nafuu inayolingana na ya waliomeza dawa, ingawa dawa zilitangulia kuonyesha matokeo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Daktari anaweza kumwambia mgonjwa wake aendelee na dawa, na kutembea kutasaidia kuufinyanga ubongo. Kufinyanga kuna silabi nne tu, kama kamati bado inahesabu.