Starehe ya Abiria na Mwisho wa Ndege Kubwa Mno

Kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro kilifunguliwa mwaka 1971 katika tambarare ya Sanya, baina ya Arusha na Moshi, na njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600 hivi. Mtu aliyezoea kiwanja kidogo cha Kisongo, ambacho kwa miaka mingi njia yake ilikuwa mita 1,620 tu, hana budi kujiuliza urefu wote ule ulikusudiwa nani. Naona jawabu limo katika mwaka wenyewe. Januari 1970 shirika la Pan American lilianza kuchukua abiria kwa Boeing 747, na dunia nzima ikaamini kwamba safari za mbali zitakuwa mali ya majitu. Tanzania nayo ilitaka watalii wa Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro waje moja kwa moja, wasipitie Nairobi. Leo ndege za masafa marefu zitokazo Ulaya na Uarabuni kuja pale ni aghalabu za injini mbili, na majitu yenyewe hayaundwi tena. Wengi husema kwamba abiria ndiye aliyeyakataa. Mimi sikubali, na historia ya nchi hii iliyo chini ya milima yatosha kuonyesha kwa nini.

Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilipofungua njia ya London mpaka Cape Town, ndege zake zilitua Moshi, kisha Dodoma na Mbeya. Safari nzima ilichukua zaidi ya wiki moja. Abiria walikuwa wachache, kelele ilikuwa kubwa, na usiku walilala nchi kavu. Mwaka 1937 njia hiyo ilipewa ndege za kutua majini, ambazo ndani yake palikuwa na nafasi ya abiria kusimama na kuegemea dirisha, akitazama nchi ipitavyo chini kana kwamba yumo katika sitaha ya merikebu. Starehe ya namna hiyo msafiri wa leo haijui. Lakini ndege ya majini yataka maji. Ikapita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na Moshi ikaachwa kando ya njia kuu. Aliyekuwa ndani ya ndege alistarehe zaidi. Aliyekuwa chini ya mlima alipungukiwa na safari. Msomaji na alishike jambo hili, kwa maana miaka sabini baadaye lilirudi kwa sura nyingine.

Baada ya vita likaja shirika letu la Afrika Mashariki, East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946. Mwaka 1960 lilipata Comet, na mwaka 1966 likapata Super VC10, ndege ambayo wazee waliobahatika kuipanda huisifu mpaka leo. VC10 iliundwa kwa ajili ya viwanja vya nchi zetu: vya joto, vya njia fupi, na vilivyo juu kama Nairobi, mita 1,600 na zaidi, ambako hewa ni nyepesi na mbawa hazibebi kwa urahisi. Injini zake nne zilikuwa mkiani, hivyo kelele iliachwa nyuma na abiria akakaa katika utulivu. Abiria waliipenda; waliouza na kununua ndege hawakuipenda vilevile, kwa kuwa Boeing 707 ilikula mafuta machache zaidi. Wakati huohuo serikali za dunia zilikuwa zikirefusha njia za kurukia, na kila mita iliyoongezwa ilipunguza thamani ya ndege iliyoundwa kwa njia fupi. Ziliundwa VC10 54 tu. Shirika lenyewe lilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, ambayo makao yake yalikuwa hapa Arusha.

Boeing 747 za mwanzo zilikuwa na ukumbi wa mapumziko ghorofani, ambao hufikiwa kwa ngazi ya mzunguko. American Airlines waliweka hata kinanda. Watu husimulia habari hizo kama kwamba makampuni ya zamani yalikuwa na ukarimu kuliko ya sasa. Ukweli ni kwamba nauli zilikuwa zimepangwa, haziwezi kushushwa ili kumvuta mteja, na viti vilikuwa vingi kuliko watu. Starehe ile ilikuwa mtoto wa viti vitupu. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, na Marekani ilipoacha kupanga nauli mwaka 1978, kumbi zikajazwa viti na vinanda vikashushwa.

Airbus A380, yenye ghorofa mbili kamili, ilianza kazi mwaka 2007. Hapana shaka ilikuwa ndege tulivu na yenye nafasi, na Emirates waliwatilia abiria wa daraja la kwanza hata bafu la kuogea. Hata hivyo, mwezi Februari 2019 Airbus walitangaza kuacha kuiunda; ya mwisho ilitolewa Desemba 2021, na jumla yake ni 251. Boeing 747 ya mwisho, ya kubebea mizigo, ilitolewa Januari 2023. Hizo zilikuwa 1,574.

Kilichoziua ni hesabu. Tangu mwaka 1985 ndege ya injini mbili iliruhusiwa kupita mahali palipo mbali na kiwanja kwa mwendo wa dakika 120, na baadaye zaidi. Basi injini nne zikawa gharama ya bure. Tena viti 500 havijai kila siku isipokuwa baina ya miji mikubwa mno, au katika kituo cha kukusanyia watu kama Dubai. Arusha haiwezi kujaza jitu. Mgeni wa Meru aliyepanda A380 alistarehe mpaka njiani tu. Hapo aliteremshwa, akangoja, akapanda ndege ya pili. Ndiyo habari ya Moshi ya mwaka 1937.

Je, ndege mpya ndizo za starehe? Hapa mwenyeji wa Arusha ana kipimo asichokuwa nacho mtu wa pwani. Hewa ya ndani ya ndege nyingi za zamani ni sawa na ya mlimani kwenye mita 2,400: yaani ni kama kukesha karibu na kibanda cha Miriakamba, katika njia ya kupandia Meru. Boeing 787 hushusha kiasi hicho mpaka mita 1,800, juu kidogo tu ya lango la Momela. Mwili hupata nafuu kweli. Lakini ndege hiyo ilifikiriwa kuwa na viti vinane kwa safu, na makampuni mengi yakatia tisa, na ndivyo ilivyo katika 787 ya Air Tanzania ya Julai 2018, yenye viti 262. Alichokipa mapafu mhandisi, mhasibu amekitwaa mabegani.

Tena iko starehe isiyopimwa ndani ya ndege. Tarehe 18 Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa ikienda kiwanja cha Kilimanjaro, ilikuta njia imezibwa na ndege ndogo iliyoharibika, nayo ikaja kutua Kisongo. Ilisimama majanini, mwisho wa njia ile fupi, wala hakuna aliyeumia. Ngazi za Kisongo zilikuwa za ndege ndogo, hazikufika mlangoni. Abiria walikuwa karibu na mji wa Arusha kuliko ambavyo kiwanja cha Sanya kingaliwafikisha, nao wakakaa vitini saa kadhaa wakingoja namna ya kushuka. Siku chache baadaye ndege hiyo iliruka, ikiwa imepunguzwa uzito, ikaondoka.