Mapigo ya Padri Jartoux

Shangazi yangu ana vali ya chuma moyoni. Homa ya baridi yabisi iliharibu ile aliyozaliwa nayo, na tangu afanyiwe upasuaji humeza kidonge cha wafarini kila jioni ili damu isigande kwenye chuma hicho. Mwaka jana ndugu mmoja alimletea boksi la jinsengi lenye picha ya mzizi wenye mikono na miguu kama mtu. "Inasafisha mishipa," akamwambia. Shangazi akaniuliza kama ni kweli. Jibu lilinipeleka mbali kuliko nilivyotarajia.

Mwaka 1709 Pierre Jartoux, padri Mjesuiti kutoka Ufaransa, alikuwa Manchuria akipima nchi kwa ajili ya ramani ya mfalme Kangxi. Karibu na mpaka wa Korea aliletewa mizizi ya jinsengi. Akashika kwanza mapigo yake, akala nusu ya mzizi mbichi, akasubiri. Baada ya saa moja mapigo yalikuwa yamejaa na kwenda kasi, na njaa ikamshika. Lakini hakuamini upesi. Siku hiyo walikuwa wamepumzika. Pengine ni mapumziko tu. Siku nne baadaye, akiwa hoi juu ya farasi, alikula nusu nyingine, na uchovu ukamtoka. Haya yote aliyaandika katika barua ya mwaka 1711, akikisia kwamba mmea huo huenda unaota Kanada pia, kwa kuwa misitu ya huko inafanana na ile aliyoiona.

Barua ikamfikia Mjesuiti mwingine, Joseph-François Lafitau, aliyeishi na Wamohawk karibu na Montreal. Mwaka 1716, baada ya kutafuta kwa miezi, aliuona mmea jirani wa ule wa China, na Wamohawk wakamthibitishia kuwa wanaufahamu. Biashara ikalipuka. Watu waliacha mashamba wakaingia msituni, wakachimba kabla ya msimu na kukausha mizizi haraka kwenye matanuri, hadi wanunuzi wa China wakaikataa. Hata hivyo, mwaka 1784 meli ya kwanza ya Marekani kwenda China, Empress of China, iling'oa nanga New York ikiwa na takribani tani 30 za jinsengi.

Linnaeus alikwisha kuupa mmea huo jina la Panax, kutoka neno la Kigiriki la dawa ya kila kitu. Sifa ikatangulia, ushahidi ukafuata nyuma ukichechemea. Leo tunajua kwamba mzizi una kemikali ziitwazo jinsenosidi, na kwamba katika maabara baadhi yake huifanya mishipa ya damu ilegee. Ndani ya miili ya watu mambo hayajanyooka hivyo: majaribio mengine yameonyesha presha ikishuka kidogo, mengine hayakuonyesha badiliko lolote.

Kilichonisimamisha ni utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Watu 20 wenye afya walipewa wafarini. Baadhi wakaongezewa jinsengi ya Marekani, ule ule mmea wa Lafitau, na wengine dawa bandia. Kwa waliotumia jinsengi, nguvu ya wafarini ilipungua. Kwa mtu mzima wa afya hiyo ni tarakimu kwenye karatasi. Kwa mwenye vali ya chuma, ni damu inayoweza kuganda juu ya vali, kipande kikachomoka na kupanda ubongoni.

Nilimweleza Shangazi hivyo hivyo, pamoja na habari za padri na farasi wake. Alimpenda padri. "Huyo alijipima mwenyewe, na bado akajitilia shaka," alisema.

Hakulitupa boksi, kwa kuwa aliyelileta alilileta kwa upendo. Alilitia kwenye mfuko mmoja na kadi yake ya kliniki, bado limefungwa, akasubiri siku ya kupima damu amwonyeshe daktari.