Sikukuu ya Bonde la Kullu

Kaskazini mwa India, kati ya milima ya Himalaya, kuna bonde liitwalo Kullu, na mto Beas hupita ndani yake. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, Wahindu wa huko hufanya sikukuu ya Dussehra. Kwingine katika India kwa kawaida sikukuu hiyo huisha siku ya kumi tangu mwezi kuandama. Kullu ndiyo kwanza yaanza, nayo huendelea siku saba. Basi tutazame asili yake, maana ndani yake mna habari ya mfalme na maskini.

Katika karne ya 17 alitawala pale mfalme Jagat Singh. Wazee husimulia kwamba watu walimnong'oneza ya kuwa Mbramini mmoja, jina lake Durga Datt, ameficha lulu nyingi. Lulu hazikuwako. Mfalme akamwandama, akamtisha, wala hakusikia neno lake. Yule maskini, alipoona hana pa kushtaki, akafa motoni ndani ya nyumba yake pamoja na jamaa zake. Tangu hapo mfalme hakuweza kula: wali aliuona mabuu, maji aliyaona damu.

Mtawa mmoja akamwambia dawa ni kuleta sanamu ya Rama, aitwaye pia Raghunath, toka mji wa Ayodhya. Mtu jina lake Damodar Das akaitwaa kwa siri, akaileta. Mfalme akaikalisha sanamu katika kiti chake cha enzi, naye akawa mtumishi wake tu. Miungu ya vijiji vyote ikaitwa kuja kumheshimu Raghunath.

Je, ilikuwa toba, au ilikuwa akili ya kutawala? Naona yote mawili. Kila kijiji kilikuwa na mungu wake na ukaidi wake; waliokuja mbele ya Raghunath walikuja pia mbele ya mfalme. Lakini mwenye hila tupu asingeacha kosa lake lisimuliwe kila mwaka.

Hata leo miungu zaidi ya 200 huchukuliwa mabegani, kwa ngoma na tarumbeta, mpaka uwanja wa Dhalpur. Gari la mti la Raghunath halivutwi kabla ya kufika Hadimba, mungu wa kike wa Manali. Jamlu wa kijiji cha Malana yeye havuki mto. Hutazama toka ng'ambo. (Ukaidi haukwisha wote!) Siku ya mwisho huchoma vichaka kando ya Beas, mfano wa mji wa Lanka. Desturi ilikuwa kuchinja pia nyati, kondoo, jogoo, samaki na kaa; mwaka 2014 mahakama kuu ya jimbo ilikataza dhabihu za wanyama, na shauri likapelekwa Delhi. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo wezi waliiba sanamu yenyewe. Ikapatikana mwezi uliofuata.

Jambo zito zaidi ni mashamba. Miungu ile ilikuwa na ardhi, na mazao yake yalilisha wachukuzi na wapiga ngoma. Kwa sheria ya mwaka 1972 ardhi nyingi iliwaendea wakulima walioilima. Ilikuwa haki yao. Lakini tangu hapo vijiji hungojea fedha ya serikali ili kuleta miungu yao, na kila mwaka hunung'unika kwamba haitoshi.

Ufalme wa Kullu nao ulianguka mikononi mwa Wasikh, kisha Waingereza wakalitwaa bonde mwaka 1846. Mzao wa Jagat Singh hana nchi tena. Siku ya sikukuu hutembea karibu na gari, fimbo ya utumishi mkononi.