Mombasa na Maji Yake ya Aina Mbili

Ukienda dukani Mombasa kununua shawa ya umeme, jiandae kwa swali: unataka ya maji matamu ama ya maji ya chumvi? Zile za maji matamu, waya wa kuchemsha unaguswa na maji moja kwa moja. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri sana, kwa hivyo ukichagua vibaya hapo utarushwa ukiwa na sabuni machoni. Za maji ya chumvi waya wake umefunikwa, na bei pia inapanda. Tumezoea hivi mpaka hakuna anayeuliza kwa nini.

Jibu lake ni la zamani kuliko mfereji wowote. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mvua ikizama ardhini inabeba gesi ya kaboni kutoka kwa udongo, inapata ukali kidogo, halafu inayeyusha lile jiwe polepole. Kwa hivyo ukichota kisimani unachota pia chokaa iliyoyeyuka. Halafu bahari nayo imetuzunguka: mkivuta maji kupita kiasi, ya bahari yanapenya kujaza nafasi. Sisi yote tunaita "maji ya chumvi", lakini hayo ni mambo mawili, chokaa na chumvi, na kila moja ina madhara yake.

Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, na baadaye kisima kikachimbwa ndani ya ngome. Maji yakatoka, ila ya chumvi, yakafaa kuoshea tu. Ya kunywa yalitegemea mvua, na lile birika la kukingia mvua bado liko, wageni hupiga picha hapo. Fikiria sasa kuzingirwa kuanzia 1696 hadi 1698, watu wamefungiwa ndani karibu miaka mitatu, na maji ya kunywa yanategemea mvua. Nyumba nyingi za Mombasa leo zinaendeshwa hivyo hivyo: mtungi wa maji matamu jikoni, tangi la chumvi bafuni.

Na jikoni ndiko chokaa inajulikana vizuri. Ule ukoko mweupe ndani ya sufuria ya chai ni chokaa ile ile, ndugu yake plasta ya nyumba za Mji wa Kale. Maji yakichemka, sehemu ya chokaa inashindwa kukaa ndani ya maji, inaganda kwenye chuma. Mbaazi nazo ukizipika kwa maji hayo zinakataa kuiva, manake chokaa inakaza ganda. Ndiyo sababu mama zetu hutia magadi kidogo. Watu huona ni siri ya mapishi tu, kumbe ni kemia: magadi yanaitoa chokaa njiani. Sabuni ya mche nayo inageuka utando wa kijivu badala ya povu, shati jeupe linachoka kabla ya wakati wake. Sabuni ya unga haisumbuliwi sana, na usishangae ikiwa ndiyo imejaa madukani.

Serikali ya kikoloni ilileta maji matamu kwa mabomba, kwanza kutoka chemchemi za Marere huko Shimba Hills, halafu miaka ya 1950 kutoka Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200. Maji ya Mzima ni mvua ya milima ya Chyulu iliyochujwa na mawe ya volkano, na yanateremka hadi Pwani kwa mteremko wenyewe. Ni kazi kubwa ya uhandisi, hilo siwanyimi. Lakini bomba lilipita Taita Taveta, na watu wa huko mpaka leo wanadai haki yao, na mimi nawaunga mkono ingawa ni maji yangu wanayoyataka.

Shida ni kwamba mji uliongezeka, mabomba hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Baricho kwenye mto Sabaki ilisaidia, lakini bado mfereji unakohoa hewa siku nyingi. Kwa hivyo tukarudi kisimani, sasa kwa mashine na pampu. Tofauti na zamani ni kwamba juu ya matumbawe hayo hayo tumechimba vyoo vya shimo, na mwamba wenyewe umejaa matundu. Kuchemsha kunaua vijidudu, sawa. Chumvi haiondoki; inabaki na maji yanapungua.

Na anayelipa zaidi ni nani? Mwenye pesa anaweka mtambo wa kuchuja chumvi. Mwenye chumba kimoja analipa mara mbili: maji ya tangi yako ndani ya kodi, halafu ananunua mitungi ya mkokoteni ya kunywa na kupikia. Juu yake kuna sabuni inayoisha haraka na shawa inayoziba.

Mimi ningeanza na nyumba za kupanga. Kila mwenye nyumba anayesambazia wapangaji maji ya kisima ayapime, karatasi ya majibu ibandikwe getini: chumvi kiasi gani, chokaa kiasi gani, vijidudu vipo ama havipo. Mpangaji aisome kabla hajatoa deposti.