Mlango wa Kuinama

Siku hizi nikipita Olkaria naangalia mapaa kuliko mvuke. Enkaji ya Kimaasai hujengwa na mwanamke: fito zinasukwa, kisha zinakandikwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Mlango unapinda ili upepo usifikie moto, na mgeni, hata awe mkubwa vipi, lazima ainame. Aliyejenga ndiye mwenye nyumba. Mume anaingia kwa mkewe.

Mwaka wa 2014 vijiji vinne vilihamishiwa RAPland kupisha mradi wa Olkaria IV. Huko zikawangoja nyumba za mawe, mabati juu. Mwaka huohuo malalamiko yakafika Benki ya Dunia. Mvua haipenyi, sikatai. Lakini zimejengwa na kontrakta. Sasa mume akiingia humo, anaingia kwa nani?