Kambi ya Kwanza ya Maskauti

Sikilizeni habari za kambi ya mwezi Agosti, mwaka 1907. Bwana Baden-Powell aliwachukua wavulana wapata 20 mpaka kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, wakakaa hemani juma moja. Baadhi yao walikuwa wana wa matajiri, wengine wana wa wafanya kazi, na desturi ya nchi iliwatenga. Yeye aliwachanganya katika vikosi vinne: Mbwa-mwitu, Fahali, Sululu na Kunguru. Walipika, walifunga mafundo, walifuata nyayo pamoja. Aliwaita kwa pembe ya tandala aliyoitwaa katika vita vya Matabele, mwaka 1896. Hivyo pembe iliyowaita Waafrika vitani ikawaita watoto wa Kiingereza kwenye udugu. Mwenye kambi alizikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941.