Pirometa

pirometa nm [i-/zi-] ala ya kukadiria halijoto ya kitu kutokana na mwanga kinaoutoa, bila kukigusa. [Kigiriki: pyr 'moto' + metron 'kipimo']

Wafasiri wengi huandika kipimajoto, na katika habari za hospitali hawana kosa. Katika majaribio ya mawimbi ya mshtuko, hata hivyo, neno hilo hupotosha. Kipimajoto hukaa ndani ya kitu hadi halijoto zao zilingane. Sampuli iliyogongwa na bamba lililofyatuliwa kwa bunduki ya gesi hubanwa na kung'aa kwa muda unaohesabiwa kwa sehemu za bilioni za sekunde, kisha husambaratika. Kinachobaki kwa mtafiti ni mwanga.

Mwaka 1979 Gregory Lyzenga na Thomas Ahrens wa Caltech, Marekani, walieleza pirometa inayopokea mwanga huo katika mawimbi ya urefu mbalimbali kwa wakati mmoja. Ukali wa kila rangi hulinganishwa na kanuni ya Max Planck ya mwaka 1900, na halijoto hupatikana kwa hesabu. Ndiyo maana fasili yetu inasema kukadiria. Kitu halisi hakitoi mwanga wote unaotarajiwa na kanuni. Tena metali, kwa kuwa haipitishi mwanga, hutazamwa kupitia dirisha la fuwele, hivyo kinachoonekana ni mpaka wa metali na dirisha, si undani wa metali. Mfasiri akiandika "walipima joto la chuma", amefuta tahadhari yote ya mwandishi. Na makadirio ya halijoto ya kiini cha Dunia, ambayo kwa sehemu hutegemea majaribio ya aina hii, yatasomeka kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Joto nalo si halijoto. Kikombe na ndoo ya maji yanayochemka vina halijoto moja, ila ndoo ina joto jingi zaidi. Baadhi ya vitabu vya shule hutumia jotoridi badala ya halijoto. Yote mawili yanafaa, mradi mwandishi asiyachanganye katika matini moja.

Kuhusu vizio, Selsiasi huhesabiwa kwa nyuzi, kelvini hapana: tangu 1967 kelvini ni kizio kinachojitegemea. Andika "kelvini 5,000", si "nyuzi za kelvini 5,000".